Kisa cha mlima mmoja: injini ya lori ya farasi 500 na injini ya resi ya farasi 510

Injini ya lori yenye ujazo wa lita 12.8 inatoa nguvu za farasi 500. Injini ya gari la michezo yenye ujazo wa lita 4 inatoa 510. Anayeziona namba hizi kwa mara ya kwanza huona kama mwenye lori amepunjwa: amebebeshwa chuma cha zaidi ya tani moja, chenye ujazo mara tatu, halafu anapitwa na injini ambayo watu wachache wangeweza kuisukuma kwenye toroli. Akiuliza kwa nini, jibu analopewa huwa lilelile: lori halihitaji farasi, linahitaji torki, yaani msukumo wa kuzungusha.

Jibu hilo hulisikii kwa watu wasiojua magari tu, hata mafundi wazuri hulitoa. Nadhani limewazuia wengi kulielewa jambo lenyewe, kwa hiyo hapa nalipima kwenye kisa kimoja, kwa hesabu ambazo yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuzirudia.

Nimechagua injini mbili halisi zenye nguvu inayokaribiana. Ya kwanza ni Volvo D13 katika daraja lake la farasi 500: dizeli ya turbo, silinda 6 kwa mstari, kilowati 368, torki ya Nm (niutoni-mita) 2500. Ya pili ni ile ya Porsche 911 GT3 ya kizazi cha 992: petroli, silinda 6 zilizolala, haina turbo, kilowati 375 kwenye mizunguko 8400 kwa dakika, torki ya Nm 470 kwenye mizunguko 6100. Ukomo wake ni mizunguko 9000. Kisa chenyewe ni hiki: lori, trela na mzigo, jumla tani 40, vinapanda mlima mrefu wenye mwinuko wa asilimia 6. Tunaishusha injini ya lori, tunapandisha ya GT3, tunaweka giaboksi inayoifaa. Nini kinatokea?

Mlima unadai nini

Mwinuko wa asilimia 6 maana yake ni kwamba kila mita 100 za mbele, lori linapanda mita 6. Uzito wa tani 40 kwenye mwinuko huo unalivuta lori kurudi nyuma kwa nguvu ya takribani niutoni 23,500. Matairi yakibingirika kwenye lami yanakula kama niutoni 2,400 zaidi. Upepo, kwa mwendo wa pole namna hii, hauchukui hata niutoni 1,000. Kwa jumla injini inapambana na niutoni kama 26,500.

Tuseme asilimia 7 ya nguvu inapotelea kwenye giaboksi, propela na difu. Kati ya kilowati 368 za Volvo, matairi yanapata kama 342. Gawanya kwa niutoni 26,500 na unapata mita 12.9 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 46 kwa saa. Ukiwahi kukaa nyuma ya lori lililoshiba mzigo kwenye mlima mrefu, mwendo huo unaujua.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa injini ya GT3. Kilowati 375, toa asilimia 7, gawanya kwa mvuto uleule: kilomita 47 kwa saa. Injini ya resi inaupanda mlima, na inamzidi mwenye lori kwa kilomita moja kwa saa.

Hapo ndipo jibu la torki linapovunjika. Torki ya Volvo ni zaidi ya mara tano ya torki ya GT3. Kama torki ya injini ndiyo inayopandisha mzigo, injini ndogo isingefika hata robo ya mwendo huo. Inafika kwa sababu kazi ya gia ni kupunguza mizunguko na kuongeza torki kwa kiasi kilekile. Kwa mwendo wa kilomita 46, tairi la lori linazunguka kama mara 245 kwa dakika. Injini ya Volvo ikiwa kwenye mizunguko 1600, gia zinaipunguza mara 6.5 kabla haijafika kwenye tairi. Injini ya GT3 ikiwa kwenye 8400, itahitaji kupunguzwa mara 34. Fanya hesabu ya torki inayofika kwenye tairi, kabla ya kutoa ile asilimia 7 inayopotea, na utaona pande zote mbili zinazidi kidogo Nm 14,000. Mlima haujui mzunguko ulitoka wapi.

Kinachoamua mwendo wa kupanda ni nguvu, yaani kilowati au farasi. Kwa hiyo swali letu linabaki palepale, na sasa ni gumu zaidi: kama farasi wa lori na farasi wa resi ni walewale, kwa nini lori litumie lita 12.8 kuwapata?

Lita moja inafanya kazi kiasi gani

Nguvu ni torki mara mizunguko. Chukua torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Kwa maneno ya fundi: nguvu ni ukali wa kila mlipuko ndani ya silinda, mara idadi ya milipuko kwa dakika.

Anza na ukali. Kwa kila lita ya ujazo, Volvo inatoa torki ya Nm 195. GT3 inatoa 118. Ukiigeuza kuwa shinikizo la wastani linaloisukuma pistoni kwa manufaa, Volvo ina takribani bar 24.5 (bar ni kipimo cha shinikizo) na GT3 chini kidogo ya bar 15. Naomba msomaji akae na namba hizo kidogo, kwa sababu zinaondoa dhana kwamba injini ya lori imelegea. Kwa kila mlipuko, lita ya lori inafanya kazi nzito kuliko lita ya resi, na tofauti si ndogo. Turbo inaishindilia hewa, mbano wake ni mkubwa, na shinikizo la kilele ndani ya silinda za dizeli kubwa za siku hizi linapita bar 200. Pistoni ya Volvo ina kipenyo cha milimita 131. Bar 200 juu ya pistoni hiyo ni sawa na kuiwekea uzito wa tani 27. Mzigo huo unaibana konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), pini na beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kila silinda inapolipuka, na kwenye mizunguko 1600 kila silinda inalipuka mara 800 kwa dakika. Ukiona bloku la lori lina kuta nene na krenki haibebeki na mtu mmoja, sababu ni hiyo.

Kwa hiyo pengo lote linatoka kwenye idadi ya milipuko. Kwenye nguvu ya juu, GT3 inazunguka mara 5.25 ya Volvo. Ukali wake kwenye mizunguko hiyo ni kama asilimia 62 ya ukali wa Volvo. Zidisha: mara 3.26. Sasa linganisha farasi kwa lita: GT3 ina 127.6, Volvo ina 39. Tofauti ni mara 3.26. Hakuna siri nyingine iliyojificha.

Kwa nini lori lisizungushwe mara 8400

Pistoni inasimama mara mbili katika kila mzunguko, juu kabisa na chini kabisa, na kila mara inabidi ivutwe upya. Nguvu ya kuivuta inakua kwa mraba wa mizunguko. GT3 ina mwendo mfupi wa pistoni (umbali wa kutoka juu hadi chini), milimita 81.5, na tundu pana la milimita 102. Volvo ina mwendo wa milimita 158. Kwenye mizunguko 1600, pistoni ya Volvo inakwenda kwa wastani wa mita 8.4 kwa sekunde. Kwenye 9000, ya GT3 inakwenda zaidi ya mita 24 kwa sekunde, na inapofika juu kabisa inavutwa kwa zaidi ya mara 4000 ya uzito wake yenyewe. Hiyo ni pistoni nyepesi ya aluminiamu, kwenye konrodi ya titani.

Izungushe ya Volvo mara 8400 na pistoni zake zitalazimika kwenda mita 44 kwa sekunde. Nguvu zinazovuta konrodi zitakuwa zaidi ya mara 27 ya zile za mizunguko 1600, na pistoni ni nzito kwa sababu lazima ihimili zile tani 27. Ukiipunguza uzito, haihimili mlipuko. Ukiiacha nzito, haihimili mzunguko. Mtengenezaji analazimika kuchagua upande, na mwenye lori alishachaguliwa ukali.

Hata kama chuma kingevumilia, moto usingeweza. Kwenye petroli, mafuta na hewa vimeshachanganyika kabla ya cheche, na mwali unapita haraka zaidi kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, kwa sababu hewa ndani ya silinda inavurugika zaidi. Injini inavyokimbia, mwali nao unakimbia. Dizeli inapuliziwa kwenye hewa ya moto ikiwa bado majimaji. Lazima ivukize, ichanganyike, ijiwashe, na sehemu kubwa yake inaungua kadiri inavyokutana na hewa. Hiyo ni kazi ya muda. Kwenye mizunguko 1600, pistoni inachukua karibu milisekunde 19 kutoka juu hadi chini. Kwenye 8400 ingechukua 3.6. Mafuta mengi yangekuwa bado yanaungua valvu za ekzosi zikifunguka, na nguvu ingetokea kwenye bomba badala ya krenki.

Tusiishie hapo lakini, kwa sababu mtu makini atasema dizeli si lazima iwe mvivu. Ni kweli. Gari la resi la Audi R10 TDI lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 2006 likiwa na dizeli ya V12, lita 5.5, zaidi ya farasi 650. Na kwenye mashindano ya malori ya Ulaya, injini za lita kama 13 zinatoa zaidi ya farasi 1000. Farasi wapo ndani ya dizeli. Kinachobaki ni bei ya kuwatoa, na kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki.

Dakika 13 za kukanyaga mpaka chini

Turudi mlimani. Tuseme mlima una urefu wa kilomita 10. Kwa kilomita 46 kwa saa, dereva wa lori anakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa dakika 13 mfululizo. Hapumziki hata sekunde. Kesho atafanya hivyo tena, na mwaka kesho.

Dereva wa GT3 anakanyaga mpaka mwisho lini? Anapotoka kwenye kona, anapopita gari, kwenye barabara iliyonyooka ya uwanja wa resi. Nguvu zote zikitumika, gari la tani 1.4 linaongeza mwendo kwa kasi inayoogopesha na muda si mrefu linakaribia ukomo wake wa takribani kilomita 320 kwa saa. Barabara inaisha, au kona inafika. Injini za resi zinaweza kukimbia saa 24, hilo limethibitishwa mara nyingi, ila hata huko kuna breki na kona katika kila mzunguko wa uwanja, na mashindano yakiisha injini inafunguliwa na kukaguliwa. Injini kubwa ya lori inatarajiwa kutembea kilomita milioni moja au zaidi bila kufanyiwa ovaholi.

Halafu kuna joto, jambo ambalo mijadala ya farasi na torki huliruka kabisa. Dizeli kubwa ya kisasa inageuza kama asilimia 44 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kwa kilowati 368, nyingine 470 hivi zinatoka kama joto. Injini ya petroli kwenye nguvu kamili, tuikadirie asilimia 30. Kwa kilowati 375, joto linalotupwa ni karibu kilowati 875. Sehemu inatoka na moshi, lakini sehemu kubwa lazima ichukuliwe na maji na oili.

GT3 ikitumia nguvu zote kwa muda, upepo unaopita kwenye rejeta zake ni wa mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Lori likitumia nguvu zote, upepo ni wa kilomita 46. Hali ngumu kuliko zote kwa injini ya lori inakuja wakati hewa ni haba kuliko wakati wowote. Ndiyo maana lori lina rejeta pana kama mlango na feni ambayo ikishika unaisikia kutoka mbali. Iweke injini ya GT3 mahali hapo, idai kupoozwa mara mbili kwa upepo uleule, na hesabu yetu nzuri ya kilomita 47 haifiki kileleni. Injini itachemsha njiani. Kompyuta yake itapunguza nguvu ili kujiokoa, na lori litajikuta kwenye gia ya chini likitambaa.

Mafuta nayo yanasema lilelile. Kwa makadirio hayohayo, dizeli inakunywa kama lita 18 kupanda mlima wetu, petroli kama lita 30. Mzigo ni uleule na muda ni karibu uleule.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote hauko barabarani. D13 hiyohiyo, tundu milimita 131, mwendo milimita 158, inauzwa na Volvo Penta kwa ajili ya boti. Boti ya starehe inaweza kupata toleo la farasi 1000 kwenye mizunguko 2400. Chombo cha kazi, kinachosukuma mzigo mchana na usiku, kinapata toleo lenye nguvu kama nusu ya hizo. Tofauti imeandikwa kwenye masharti. Mwenye boti ya starehe anaruhusiwa nguvu kamili kwa saa moja tu katika kila saa 12 za kazi, na injini inatarajiwa kufanya kazi chini ya saa 300 kwa mwaka. Mwenye chombo cha kazi hana kikomo cha saa. Na boti ina bahari nzima ya kuipoozea injini.

Mtengenezaji ni mmoja, ujazo ni mmoja, dizeli ni ileile. Kilichobadilika ni swali la mteja: unazitaka nguvu hizi kwa muda gani? Farasi 39 kwa lita za lori ni jibu la mtu aliyesema anazitaka kutwa nzima, kwa miaka. Mwenye GT3 hakuahidiwa kitu cha namna hiyo, na hakukihitaji.

Torki inapata haki yake wapi

Nimeisema vibaya torki hapo juu, na ina nafasi yake ya kweli katika kisa hiki. Nafasi hiyo ni umbo la nguvu mizunguko inaposhuka.

Lori linapanda, mwinuko unaongezeka kidogo, mizunguko inaanza kuanguka. Volvo ikishuka hadi 1300, torki yake iko kwenye kilele na bado inatoa kilowati 340 kati ya 368. Dereva haguswi na kitu. GT3 nayo ikishuka hadi kilele cha torki yake, mizunguko 6100, inabaki na kilowati 300 kati ya 375. Upungufu huo wa moja ya tano unaonekana mara moja kwenye mwendo, na suluhisho pekee ni kubadilisha gia. Kwenye mlima huu, lori lililokatiwa nguvu linapoteza zaidi ya kilomita 2 za mwendo kila sekunde. Giaboksi yenye gia nyingi zilizobanana ingeweza kusaidia, lakini kila kubadilisha kunagharimu.

Kuondoka ni kugumu zaidi. Lori limesimama katikati ya mlima, tani 40 nyuma. Volvo ina Nm 2500 zake zote kwenye mizunguko kama 1000, na gia ya kwanza pamoja na difu vinazizidisha karibu mara 40, kwa hiyo klachi inashika mapema na kuachwa. GT3 iko mbali na nguvu zake kwenye mizunguko hiyo. Ingebidi ipandishwe juu, klachi isuguliwe kwa muda, na uwiano wa gia uwe mara tano ya ule wa lori. Harufu ya klachi iliyoungua ingekuja mapema sana.

Kwa mwenye lori anayetamani kuongeza

D13 ya barabarani imeuzwa pia kwa farasi 420, 460 na 540, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: fundi wa kompyuta atakuambia farasi wengine wamefungiwa kwenye programu, anakufungulia. Wengine kweli wapo. Lakini kabla ya kuingiza laptopu, muulize pistoni, turbo, giaboksi na upoozaji wa lori lako vilitengenezwa kwa daraja gani, na joto la ziada litapitia wapi kutoka.

Kisha fanya hesabu ya mlima wetu. Kutoka farasi 500 hadi 540, mwendo unapanda kutoka kilomita 46 hadi karibu 50. Kwenye kilomita 10 za mlima, umefika kileleni dakika moja mapema. Joto nalo limeongezeka kwa asilimia 8, kwenye rejeta ileile, wakati wa mchana, na mzigo ukiwa kamili.